Breki ya Mbele

Ukitoka soko la Nizwa, huku Oman, ukafuata barabara ya Birkat al-Mawz, utaliona duka la dobi la Nadhir, na mbele yake siti ya nyuma ya basi iliyong'olewa ikawekwa juu ya matofali, upande mmoja umepasuka na sponji linachungulia. Hapo ndipo kijiwe. Wanakaa wazee wanne, wote wamestaafu, wote wanajua kila kitu, na wasichokijua watakijua kabla kahawa haijesha. Sleyum ni Redio, kwa sababu hazimiki. Abdullatif ni Daktari, kwa sababu aliwahi kufanya kazi duka la dawa, kazi yenyewe kufungua maboksi. Asaad ni Tabora, maana kazaliwa huko, na Kiingereza chake kimetokea huko huko. Wa nne ni Yaqoob, lakini jina la Yaqoob limebaki kwenye kitambulisho tu. Kijiweni, mtaani, mpaka msikitini, yeye ni Makunduchi.

Jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka arubaini anahadithia vipi enzi za ujana alikuwa akitoka Ng'ambo, mjini Unguja, alfajiri na baskeli, anakula chakula cha mchana Makunduchi, kusini kabisa mwa kisiwa, na magharibi yuko mjini keshakoga. Na vipi Idi ya kwanza baada ya harusi alimpakia mkewe, Mahfudha, Mungu amrehemu, kwenye keria, na nguo mpya ya Idi, mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja, mji mzima unawatazama. Hadithi tamu, bwana. Ina kasoro moja tu: Yaqoob hajui kuendesha baskeli. Hajapata kuendesha hata siku moja. Alijaribu utotoni akaingia mtaroni, watoto wenzake wakamcheka mpaka wakakaa chini, na hakuigusa tena. Uongo aliuanza alipohamia hapa Oman, kwa mchezo tu, mbele ya watu wasiomjua, halafu ukamzidi nguvu. Sasa ana miaka sabini na sita, na hajui aurudishe wapi.

Na aibu ile ingebaki tumboni mwake, kama si mjukuu wake Balqis. Balqis ana miaka ishirini na nne, anafanya kazi maabara, na siku za mapumziko anapanda baskeli za mlimani na wasichana wenzake, huko juu Jabal Akhdar, tena Januari, wakati maji ya ndoo asubuhi yanakutwa yameganda. Genge lao lina sharti moja: zawadi za likizo hazinunuliwi. Kila mmoja atengeneze vyombo vya kukinga baridi kwa mkono wake, ampe mtu anayempenda, kisha apande naye mlimani. Balqis kamchagua babu yake. Jana baada ya magharibi kamletea furushi, kamweleza kimoja kimoja, hiki kinafungwa hapa na hiki pale, saa nzima.

— Kesho saa mbili na nusu n'nakupitia kijiweni, babu. Baskeli yako tayari. Wallah, wenzangu wote wanakungojea. Nimewahadithia Makunduchi yote.

Na yeye, badala ya kusema papo hapo, kasema "Inshallah, mwanangu." Hiyo ndiyo inshallah iliyomkosesha usingizi.

Basi asubuhi hiyo alifika kijiweni wa mwanzo, akalisukuma furushi chini ya siti na kulizibia kwa miguu. Mpango wake ulikuwa goti. Balqis akija, goti litauma. Alikuwa amekwisha kulisugua mara mbili ili watu walione. Lakini Redio ana macho ya nyuma.

— Umeficha nini hapo, Makunduchi?

— Hamna kitu.

— Hamna kitu kina kamba? — Redio keshainama, keshalivuta. — Toba! Furushi zima! Ni kitu gani hiki?

Yaqoob alitazama barabarani. Angeweza kusema, "Zawadi, kanishonea mjukuu wangu." Maneno manne tu. Lakini nyuma ya maneno manne hayo kuna la tano na la sita, za kufanyia nini, na lini, na yote yanaishia kwenye baskeli.

— Sijui — akasema. — Kaniachia mtoto jana. Hata sikuuliza.

Yakamchoma papo hapo, ila yameshatoka.

Redio akatoa cha kwanza: mfuko mkubwa, mdomo mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, nje kitambaa kizito cha hema, ndani pamba, na ndani zaidi kanga. Akatoa na pacha wake. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, akaugeuza geuza mbele ya uso.

— Yakhe, hiki soksi ya tembo.

— Lete nikione — akasema Daktari, akaubana kwa vidole viwili. — Hiki cha presha. Kinavaliwa mkononi, kinapasha damu, damu ikipata moto inakwenda mbio, presha inashuka. Niliviona dukani.

— Damu ikenda mbio si presha inapanda? — akauliza Tabora.

— Inapanda kwanza. Halafu inashuka.

— Mie nakwambieni hiyo ni kava — akasema Tabora. — Kava ya themosi. Wazungu hawakai bila kava. Simu ina kava, siti ina kava.

— Na mdomo huu wa pili wa nini?

— Wa kumiminia, bwana! Simpo!

Redio hakungoja zaidi. Akaivisha ile themosi ya kahawa mfuko mmoja, ikaingia sawasawa, kifuniko kikatokeza upande mwembamba. Wote wakapiga makofi. Themosi yenyewe ya Redio inavuja miaka sasa, kila mtu anajua, na kahawa ikaanza kuteremka ndani ya kanga taratibu. Yaqoob aliiona. Kanga ile aliijua: ya Mahfudha, ya rangi ya zambarau, aliyokuwa akijitanda kuchambulia mchele. Jana Balqis kamwonyesha, kamwambia, "Hii ya bibi, babu, ili ikupe joto." Na yeye sasa kaitazama inalowa, na hakunyoosha mkono. Alijiona mtu duni kuliko wote waliopata kukaa kwenye siti ile, na bado hakunyoosha mkono.

— Ya themosi, basi iwe moja — akasema Daktari. — Mbili za nini? Mimi naona hivi ni vya mbuzi. Jabal Akhdar kuna baridi kubwa. Mwanambuzi anatiwa humu, kichwa nje, mguu wa nyuma humu. Viwili, kwa sababu mbuzi huzaa pacha.

— Na akizaa watatu?

— Wa tatu anauzwa.

— Mwewe! — akapiga kelele Redio. — Nimepata! Matajiri huvaa hivi wakamweka mwewe juu ya mkono asiwaparure. Makunduchi, mjukuu wako kaolewa na mwenye mwewe, hukutwambia!

Vikatoka vingine. Vipande viwili vya godoro jembamba, vimekatwa mviringo na kutiwa kamba; Daktari akasema ni mito ya kusalia kwa wenye magoti mabovu, akavikalia palepale kuvijaribu. Ikatoka plastiki iliyokatwa kwenye galoni la mafuta ya gari, ndefu, imepinda, ina matundu manne ya kufungia. Hiyo ikawashinda. Redio akasema ni ya kumnyweshea dawa ngamia. Daktari akasema ni gango la mtu aliyevunjika mkono. Tabora aliigeuza, akaitia jicho kwenye kila tundu.

— Wait, wait. Hii nimeiona kwenye simu. Hii madigadi. Inazuia tope. Hii ya baskeli!

Yaqoob akainamia sahani ya tende, akachagua moja.

— Ya baskeli ya nani? — Redio akacheka. — Nani hapa ana baskeli? Galoni la mafuta liwe baskeli?

— Watoto wa siku hizi hawana kazi — akasema Yaqoob, akacheka nao, tena kwa sauti. — Watu wananunua dukani, wao wanakata magaloni.

Kicheko chake mwenyewe kilimtisha. Mtoto kakaa wiki tatu na sindano, vidole vimemtoboka, na babu yake anamchekea mbele ya watu ili wasimgeukie yeye. Akasugua goti, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama.

Lakini baskeli ikishatajwa kijiweni, haiondoki. Redio ndiye aliyeanza.

— Baskeli ni zetu sisi, bwana. Mie nilikuwa napakia watu watatu, wawili keria na mmoja bomba la mbele, na gunia la muhogo kichwani.

— Kichwani mwa nani?

— Mwa yule wa mbele! Na mlima wa Dole sishuki!

— Mie nilikuwa nachukua treya ya mayai — akasema Daktari. — Mkono mmoja treya, mkono mmoja hendeli, na macho nimeyafumba, kwa sababu ya jua. Kutoka Bububu mpaka Darajani halikuvunjika hata moja.

— Nyinyi mlikuwa na lami — akasema Tabora. — Mie nilifukuzwa na simba. Seriasi! Pori la Urambo, mie mbele, simba nyuma, maili saba. Cheni ikakatika.

— Sasa ukafanyaje?

— Niliendelea kupiga pedeli. Baskeli haikujua kama cheni imekatika.

Wakacheka mpaka Nadhir akachungulia kutoka ndani na pasi mkononi. Halafu Redio akampiga Yaqoob begani, kofi la mapenzi.

— Lakini mtu wa baskeli hapa ni huyu. Sisi wengine abiria. Hebu mweleze tena Tabora ile Idi, mlivyokwenda Mnazi Mmoja na marehemu. Mweleze!

Yaqoob alifungua kinywa. Hadithi hiyo alikuwa anaweza kuisema usingizini. Leo hakujua aianzie wapi, na kabla hajapata pa kuanzia, pikapu nyeupe ikasimama mbele ya dobi, na nyuma yake baskeli mbili zimefungwa kwa kamba. Kwenye usukani Dalal, rafiki wa Balqis. Balqis karuka chini, buibui limekunjwa, viatu vya mlimani, uso wote unacheka.

— Shikamooni, wazee!

— Marahaba, binti, marahaba.

— Babu, uko tayari?

Halafu akaona. Themosi imevaa mfuko wake, na mfuko umelowa kahawa mpaka nje. Daktari kakalia kinga za magoti. Redio kashika madigadi, anajipepea nayo. Cheko la Balqis halikuondoka mara moja. Lilipungua kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza taa ya mafuta. Alikwenda akaivua themosi polepole, akaminya kanga ya bibi yake, maji meusi yakadondoka chini.

— Walikuwa hawajui ni kitu gani? — akamuuliza babu yake kwa sauti ndogo.

Wazee wakamtazama Yaqoob. Yaqoob akatazama viatu vyake.

— Hukuwambia?

— Sikuwambia.

— Khalas, ma'lesh, haidhuru — akasema Balqis, na alivyosema ma'lesh ilionekana kwamba si ma'lesh. Lakini mtoto kalelewa, hakumwaibisha babu yake. Akaiteremsha baskeli kutoka kwenye pikapu, baskeli pana, matairi manene, rangi ameipaka mwenyewe. Akachuchumaa na spana.

— Basi, babu, nifunge hii breki tu, halafu upande kidogo niangalie siti. Ya mbele ilikuwa mkono gani kwenye baskeli yako ya Unguja?

— Nini?

— Breki ya mbele. Kulia au kushoto? Zipo aina mbili. Mkono ukizoea upande mmoja, kwenye mteremko unabana wenyewe bila kufikiri. Ukibana ya mbele kwa nguvu unaruka kichwa chini. Nataka nifunge vile ulivyozoea.

Swali dogo kabisa. Nusu ya bahati ilikuwa upande wa Yaqoob. Angesema kulia, basi, nani angejua? Lakini akamwona mtoto na spana mkononi, anangoja, kamwamini mpaka kwenye breki.

Balqis akaona babu yake anakawia. Akawageukia wengine, kwa heshima.

— Nyinyi wazee je? Baskeli za Unguja ilikuwa mkono gani?

Redio alikohoa.

— Wakati wetu... zilikuwa za miguu.

— Breki za miguu?

— Unateremsha miguu chini, unaburura.

— Mie nlikuwa nimefumba macho — akasema Daktari, na hakucheka mtu.

— Ah, inategemea — akasema Tabora. — Dipends.

— Inategemea nini, babu?

Tabora hakuwa na cha kutegemea. Aliinama akachukua tende, akaishika tu. Na hapo Yaqoob akaelewa jambo ambalo miaka arubaini hakulielewa: hakuna mmoja kati yao aliyewahi kuendesha. Wanne wote. Walikuwa wakipakiana uongo kwenye siti moja ya basi, kila mmoja akichelea mwenzake asimgundue. Halikumpunguzia aibu. Lilimwongezea, kwa sababu wao angalau uongo wao haukushonewa zawadi.

— Balqis — akasema. — Sijui mkono gani.

— Umesahau, babu. Siku nyingi.

— Sikusahau. Sijapata kuendesha. Hata siku moja. Sijui baskeli, mwanangu.

Balqis alibaki amechuchumaa, spana haishuki.

— Na Makunduchi?

— Makunduchi nilikwenda kwa gari ya mzigo. Mara mbili. Mara ya pili nilitapika.

Siku nyingine Redio angelishika hilo mwaka mzima. Leo aliikunja madigadi kama gazeti, ikamrukia, akaiweka chini.

— Wiki tatu nimeshona — akasema Balqis. Machozi yalikuwa karibu, na hasira karibu zaidi. — Wenzangu wote nimewahadithia. Jana nimekaa saa nzima na wewe. Ungesema jana.

— Ningesema jana. Niliona haya. Nimeona haya miaka arubaini, na leo nimekuonea haya na wewe, nikakucheka mbele ya hawa. Hilo ndilo baya kuliko la baskeli. Nisamehe.

Mzee wa miaka sabini na sita kusema nisamehe barabarani, mbele ya dobi, mbele ya Redio, si jambo dogo. Masikio yalimwaka. Alitamani siti ile immeze.

Balqis akafuta pua kwa mkono wa buibui.

— Na bibi? — akauliza. — Idi? Bibi mwenyewe alinambia. Hata hospitali alinambia. Alisema, "Babu yako alinipakia kwenye keria, akanipeleka polepole, hata nguo yangu haikuguswa na vumbi." Bibi naye alidanganya?

— Bibi yako hakudanganya hata mara moja — akasema Yaqoob. — Baskeli niliiazima kwa kaka yake. Nilikwisha kumwahidi, na siku yenyewe nikashindwa kumwambia sijui. Kakaa kwenye keria, kangoja nipande. Mie nikaanza kuikokota. Nikamwambia barabara mbovu mbele, nitapanda tukifika pazuri. Nikaikokota mpaka Mnazi Mmoja, mguu kwa mguu, yeye juu na mie chini. Mji mzima ulitutazama kwa sababu hiyo. Na kurudi nikaikokota vile vile. Hakuniuliza siku ile, wala hakuniuliza mpaka anakufa. Mie nikihadithia watu, yeye analeta chai na kusema, "Kweli, alinipakia."

Dalal alikuwa amezima gari zamani. Nadhir alisimama mlangoni na pasi, nguo ya mtu inaungua ndani. Daktari akainuka taratibu, akatoa zile kinga za magoti chini yake, akazipangusa, akamrudishia Balqis bila kusema ni za ugonjwa gani.

Balqis alizipokea. Akautazama ule mfuko uliolowa. Halafu akaukamua tena, akauvisha kwenye hendeli upande wa kulia, akaukaza utepe. Akauvisha mkavu upande wa kushoto.

— Tutakwenda — akasema.

— Kwenda wapi, mwanangu? Nimekwambia sijui.

— Njia ya juu ni tambarare. Utaikokota. Baridi ya huko haiulizi umepanda au unakokota, mikono inaganda tu. — Akavuta pumzi. — Na wenzangu utawambia mwenyewe. Mie siwambii.

Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu, na ilikuwa ya haki. Yaqoob aliwaza wasichana wanane mlimani wamesimama na baskeli zao, wanamngojea mtu wa Makunduchi. Lakini akainuka. Goti halikuuma.

Akaingiza mikono. Wa kushoto ulikuwa mkavu na wa joto. Wa kulia ulikuwa umerowa, na kanga ikamnata vidoleni. Akaishika hendeli, akaisukuma baskeli mbele ya siti ya basi, mbele ya wenzake watatu, hatua moja, mbili, mpaka kwenye pikapu. Redio alikuwa amegeuza themosi juu chini, anaitikisa. Hakikutoka kitu.

— Kahawa imekwisha — akasema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyembishia.

Balqis alikuwa nyuma ya babu yake, anamtazama anavyokwenda.

— Ulikuwa unamkokota bibi hivyo hivyo?

— Hivyo hivyo — akasema Yaqoob. — Ila kwa mkono mmoja. Wa pili nilikuwa nimemshika yeye, asije akaanguka.